Mcheza Kwao Hutunzwa? Wanamuziki wa Zaire na Kamera za Mwaka 1974

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtu akicheza ngoma nyumbani, watu wake humjua, humshangilia na kumpa chochote walicho nacho. Lakini kitenzi kutunza katika methali hii kinabeba maana mbili. Ya kwanza ni kumpa mchezaji zawadi papo hapo, kama noti inayobandikwa kwenye paji la uso la mpiga gitaa. Ya pili ni kuhifadhi kitu ili kisipotee. Katika insha hii ninachunguza tamasha la muziki la Zaire 74, lililofanyika Kinshasa mwezi wa Septemba mwaka 1974, na ninadai kwamba wanamuziki wenyeji walitunzwa kwa maana ya kwanza, lakini kwa maana ya pili walisubiri miaka 43. Wengi wao walifariki dunia kabla ya siku hiyo kufika.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mwanafunzi wa Maliba, wilayani Kasese, aandike juu ya Kinshasa, mji ulio mbali nasi kuliko Nairobi na hata Dar es Salaam. Jibu langu ni kwamba muziki haukufuata umbali wa barabara. Ukitoka Maliba ukashuka hadi Bwera na kufika Mpondwe, ng'ambo ya mto Lhubiriha unaiona Kasindi, nayo ni Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu, na biashara ya mpakani huendeshwa kwa Kiswahili. Nyimbo za Kilingala zimevuka mpaka huo pamoja na kahawa, samaki na vitenge tangu kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Majina ya Franco na Tabu Ley si ya kigeni katika nyumba zetu. Kwa hiyo historia ya jinsi majina hayo yalivyoonyeshwa ulimwenguni, au yalivyofichwa, inatuhusu pia.

Tuanze na chanzo cha tukio lenyewe. Mwaka 1974 Zaire ilitawaliwa na Mobutu Sese Seko, aliyetwaa madaraka mwaka 1965. Mwaka 1971 alibadili jina la nchi kutoka Kongo na kuiita Zaire, na mwaka uliofuata raia walitakiwa kuacha majina ya Kizungu. Ndiyo maana mwimbaji aliyejulikana kama Rochereau akawa Tabu Ley, na Franco akawa Luambo Makiadi. Mobutu aliita siasa hiyo kurudi kwenye uasilia. Alijua pia nguvu ya televisheni. Taarifa ya habari ya nchi yake ilianza kwa picha ya uso wake ukishuka kutoka mawinguni.

Promota wa ndondi Don King alipotafuta mtu wa kulipia pambano la ubingwa wa dunia wa uzito wa juu kati ya George Foreman na Muhammad Ali, Mobutu alikubali. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, fedha ambazo hakuna bondia aliyewahi kuzipata kwa pambano moja. Faida ya Mobutu haikuwa ya mlangoni uwanjani. Alichonunua ni kutajwa: watu wa mabara yote wakae mbele ya skrini na kusikia neno Zaire. Hata saa ya pambano ilipangwa kwa ajili ya watazamaji wa mbali. Lilianza karibu saa 10 alfajiri kwa saa za Kinshasa, ili Wamarekani wa pwani ya mashariki walitazame jioni. Wenyeji ndio waliokesha uwanjani.

Muziki uliongezwa kuwa kitangulizi cha pambano hilo. Mpiga tarumbeta Hugh Masekela wa Afrika Kusini na mtayarishaji wa muziki Stewart Levine wa Marekani walipanga tamasha la siku tatu, tarehe 22 hadi 24 Septemba, na pambano lilikuwa lifuate tarehe 25. Fedha za tamasha zilitoka kwa wafadhili wa Liberia. Nia ilikuwa kuwakutanisha Wamarekani weusi na watu wa bara ambalo babu zao waliondolewa kwa minyororo. Mahali palikuwa Uwanja wa Mei 20, ambao sasa unaitwa Tata Raphaël.

Siku chache kabla ya tamasha, Foreman alipasuka juu ya jicho akiwa mazoezini. Pambano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba. Wanamuziki hawakuweza kuahirishwa kwa sababu mikataba ilishasainiwa na ndege zilishakodiwa. Hivyo tamasha likafanyika peke yake, bila ndondi zilizotarajiwa kuwaleta watalii. Wageni wa ng'ambo hawakuja kwa wingi, na tiketi zilikuwa ghali kwa wakazi wa Kinshasa. Siku za kwanza uwanja haukujaa. Siku ya mwisho milango ilifunguliwa bure, na umati uliomiminika siku hiyo hukadiriwa kuwa watu 80,000. Kwangu jambo hili ni muhimu. Tukio lililoandaliwa kwa ajili ya macho ya mbali liliokolewa na watu wa mitaa ya karibu, waliokuja kwa miguu.

Nani walipanda jukwaani? Kutoka Marekani walikuja James Brown, B.B. King, Bill Withers na kundi la Spinners. Celia Cruz, mzaliwa wa Kuba, alikuja pamoja na Fania All-Stars wa New York. Miriam Makeba, mwana wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, naye aliimba. Lakini hesabu ya jumla ndiyo inayonishangaza. Inatajwa kwamba vikundi vilivyotumbuiza vilikuwa 31, na kati yake 17 vilikuwa vya Zaire yenyewe. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya tamasha ilikuwa ya wenyeji. Walikuwapo Franco na T.P.O.K. Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1956. Alikuwapo Tabu Ley na bendi yake ya Afrisa, ambaye mwaka 1970 alikwisha kuimba katika ukumbi wa Olympia jijini Paris. Alikuwapo Abeti Masikini, mwanamke kijana aliyezaliwa Kisangani wakati mji huo ukiitwa Stanleyville, na ambaye naye aliimba Olympia mwaka 1973. Vijana wa Orchestre Stukas walikuwapo pia, wakiongozwa na Lita Bembo, aliyesifika kwa kucheza kwa nguvu nyingi.

Wasanii hawa hawakuwa wanagenzi waliobahatika kushirikiana na mabingwa. Walikuwa mabingwa mbele ya watu wao. Gitaa la Franco lilikuwa limefundisha vidole vya wapigaji wengi kuanzia Brazzaville hadi Dar es Salaam. Muziki wenyewe ulikuwa na undugu wa zamani na wageni. Rumba ya Kongo ilikua kwa kusikiliza santuri za Kuba, na muziki wa Kuba ulitokana kwa sehemu kubwa na midundo iliyopelekwa huko na watumwa kutoka eneo la Kongo. Celia Cruz alipoimba Kinshasa, na Franco alipoimba kwenye jukwaa lile lile, wimbo uliokwenda ng'ambo kwa lazima ulikuwa umerudi na kumkuta ndugu yake yuko hai. Kama kamera ingetaka hadithi ya kurudi nyumbani, hadithi ilikuwa hapo.

Kamera zilikuwapo. Waandaaji walileta wapigapicha hodari wa filamu, akiwamo Albert Maysles, na mwongozaji alikuwa Leon Gast. Walirekodi jukwaa, mitaa, masoko na mazoezi. Hapa njia za ndondi na za muziki zikaachana. Pambano la tarehe 30 Oktoba lilirushwa moja kwa moja kwa setilaiti, na watu katika nchi nyingi wakamwona Ali akimwangusha Foreman katika raundi ya 8. Kanda za muziki zilibaki ndani ya makopo. Ugomvi wa fedha na haki za umiliki uliizuia filamu mwaka baada ya mwaka. Ilipotoka mwaka 1996, miaka 22 baada ya tukio, ikiitwa When We Were Kings, haikuwa tena filamu ya tamasha. Ilikuwa filamu ya Ali. Mwaka 1997 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya makala.

Nimeitazama filamu hiyo zaidi ya mara moja, na siwezi kukana uzuri wake. Ali anaongea na watoto, umati unaimba jina lake, na mtu anaelewa kwa nini watu wa Kinshasa walimpenda. Lakini nilipoanza kuandika kwenye daftari ni nani anaonekana akiimba na kwa muda gani, picha ilibadilika. Wamarekani wanaonekana kama wasanii. Wazaire wengi wanaonekana kama umati. Mfano unaoumiza zaidi ni wa Miriam Makeba. Mwandishi mmoja wa Marekani anasimulia katika filamu habari za mwanamke mchawi ambaye angemlegeza Foreman, na simulizi hilo linapopamba moto tunaonyeshwa uso wa Makeba akiwa jukwaani. Huyu ndiye mwanamke aliyezungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963 kupinga ubaguzi wa rangi, na ambaye aliimba Malaika kwa Kiswahili hadi wimbo huo ukajulikana Ulaya na Marekani. Katika chumba cha kuhariri filamu akageuzwa kielelezo cha uchawi.

Mwaka 2008 ilitoka filamu ya pili, Soul Power, iliyoongozwa na Jeffrey Levy-Hinte. Yeye alishiriki kuhariri filamu ya kwanza na alijua ni kanda ngapi zilizoachwa. Filamu hii ni ya muziki kweli, na ndani yake Waafrika wanapewa nafasi. Hata hivyo uti wa mgongo wake ni safari ya Wamarekani: wanapanda ndege, wanashuka, wanashangaa, wanaimba, na mwisho ni James Brown. Ilibidi tungoje mpaka mwaka 2017 ndipo rekodi za wasanii wa Kiafrika wa tamasha lile zikatolewa kama albamu inayojitegemea. Kufikia hapo Franco alikuwa amefariki mwaka 1989, Abeti mwaka 1994, Makeba mwaka 2008 na Tabu Ley mwaka 2013. Hawakuisikia.

Kuna hoja mbili zinazoweza kutolewa dhidi yangu, na ni haki kuzijibu. Hoja ya kwanza inasema hapakuwa na nia mbaya. Filamu iliuzwa Marekani, na watazamaji wa huko walimjua James Brown, hawakumjua Franco. Nakubali. Lakini hoja hii inaonyesha tatizo badala ya kuliondoa. Watu hawamjui msanii kwa sababu haonyeshwi, na haonyeshwi kwa sababu hawamjui. Mtu mmoja lazima auvunje mzunguko huo. Tamasha la Zaire 74 lilikuwa na kila kitu cha kuuvunjia: jukwaa, umma, vipaza sauti na kamera.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema lawama isiwaangukie wageni peke yao. Serikali ya Zaire iliweza kutafuta mamilioni ya dola kwa ajili ya mabondia wawili. Kutengeneza filamu moja ya wanamuziki wake na kuisambaza kungegharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Utawala ulioimba uasilia asubuhi na jioni uliacha sauti za wananchi wake zikae katika makopo ya watu wengine, chini ya mikataba ya watu wengine. Hoja hii naikubali moja kwa moja, na ninaiona kuwa funzo kuu la tukio zima. Mobutu alinunua kuonekana, hakununua kumbukumbu. Mtu anayeonekana kwa usiku mmoja anaweza kusahauliwa, ila mwenye kushika kanda ndiye anayeamua kesho itaona nini.

Je, Franco na wenzake walipotea kwa sababu hiyo? La. Hapa ndipo mpaka wetu unapoingia katika hadithi. Televisheni ya Uganda ilianza mwaka 1963, lakini chini ya milima ya Rwenzori chombo cha watu wa kawaida kilikuwa redio. Mitambo ya redio ya Kinshasa ilisikika mbali, na santuri zilipita mikononi mwa wafanyabiashara. Wanamuziki wenyewe pia walisafiri. Samba Mapangala aliondoka Zaire katikati ya miaka ya 1970, akapiga muziki Uganda, kisha mwaka 1977 akafika Nairobi, ambako aliunda Orchestra Virunga na kuimba kwa Kiswahili na Kilingala. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 na akawa sauti ya wanyonge wa Tanzania. Hakuna setilaiti iliyowavusha. Walivuka kwa mabasi, malori na ukarimu wa watu, na masikio yakafanya kazi ambayo kamera haikuifanya.

Wengine watasema basi yatosha, kwa kuwa nyimbo zilifika. Mimi naona haitoshi. Sikio hutunza sauti, lakini mara nyingi halitunzi jina, tarehe wala mahali. Katika soko la Mpondwe unaweza kusikia gitaa la T.P.O.K. Jazz likitoka kwenye kibanda cha kuuza simu, na kijana anayelicheza akakuambia tu kwamba ni wimbo wa zamani wa Kongo. Anaupenda, lakini hawezi kumtaja mpigaji. Mtu akimwonyesha filamu yenye tuzo ataona kwamba wakati ule wasanii walitoka Marekani na Waafrika walikuwa wakipiga makofi. Hivyo ndivyo historia inavyoweza kupinduka bila mtu yeyote kusema uongo.

Mtindo huu haukuishia mwaka 1974. Tarehe 2 Julai 2005 matamasha ya Live 8 yalirushwa na televisheni duniani kote ili kuwashinikiza viongozi wa mataifa tajiri kuhusu umaskini na madeni ya Afrika. Orodha ya jukwaa kuu la Hyde Park, London, ilipotangazwa, watu walilalamika kwamba Waafrika karibu hawamo. Tamasha la pili likaandaliwa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika bustani za Eden, na wasanii wengi wa Afrika wakapelekwa huko. Mmoja wao alikuwa Mganda, Geoffrey Oryema. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa waziri katika serikali ya Idi Amin na aliuawa Februari 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum. Geoffrey alitoroka nchi akiwa amefichwa ndani ya buti la gari, akaishi Ufaransa, na akafariki huko mwaka 2018. Kama kulikuwa na mtu mwenye jambo la kuuambia ulimwengu kuhusu Afrika siku ile, alikuwa yeye. Aliimba, lakini mbali na jukwaa lililotazamwa na wengi.

Tofauti kati ya mwaka 1974 na sasa ni kwamba kamera imefika mikononi mwetu. Katika sherehe za Kasese, ziwe za harusi, za kanisa au za Obusinga bwa Rwenzururu, simu huinuliwa mara tu mwimbaji anaposhika kipaza sauti. Picha zipo tele. Lakini nyingi hazina jina la mwimbaji, hazina mwaka, hazielezi wimbo wa Kilhukonzo unahusu nini wala nani aliutunga. Simu ikiibwa au ikianguka majini, kila kitu kinaondoka nayo. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya mwaka 2013 na ya mwaka 2020 yalitufundisha jinsi vitu vya nyumba nzima vinavyoweza kuondoka kwa usiku mmoja. Hatuwezi kuwalaumu wahariri wa New York kwa makopo yao ikiwa ya kwetu hatuyawekei hata lebo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wanafunzi wenzangu na kwa wahadhiri wetu ni dogo na linawezekana. Kila mmoja wetu achague mpiga muziki mmoja wa kijijini kwake ambaye bado yu hai. Amrekodi kwa ruhusa yake, aandike jina lake kamili, mwaka, mahali na ala anayopiga, atafsiri maneno ya wimbo kwa Kiswahili, kisha aweke nakala moja kwa msanii na nyingine katika maktaba ya chuo. Msanii mwenyewe awe wa kwanza kupewa nakala na kuambiwa itatumikaje, maana hilo ndilo walilonyimwa akina Franco. Kazi hiyo haihitaji setilaiti wala dola milioni 10. Inahitaji daftari, chaji ya simu na nusu siku ya kupanda mlima.